Kura Mbili za Nyumba Moja

Kazini walimwita Mama Kura, na hakuchukia. Kwa miaka mingi alikuwa akiunda kompyuta za kuongoza taa za reli, na kila moja aliitia bongo tatu zinazopiga kura, ili mmoja ukipotoka, mbili ziushinde. Na ili zisikosee kwa pamoja, kila ubongo ulikuwa na mwandishi wake wa programu: yeye, mumewe, na fundi mmoja mcheshi, rafiki wa mumewe, aliyemwita shemeji.

Siku ya majaribio walichomoa waya wa kifaa kinachohisi treni. Kifaa kikanyamaza. Ubongo wa fundi ukasema hatari. Ule wa mke na ule wa mume zikasema njia nyeupe. Wengi wape: taa ikawaka kijani, na kigari cha majaribio bado kimekaa relini.

"Shemeji, mmenizika nikiwa hai!" fundi akasema, akacheka peke yake.

Mkuu wa karakana hakucheka. "Nyinyi wawili mmeandika kwamba kimya maana yake hakuna treni. Mliambizana?"

"Hata kidogo," mume akajibu.

Ilikuwa kweli. Hawakuhitaji kuambizana. Nyumbani kwao asiyesema ndiye hana neno. Ndivyo walivyoishi na kulea, hata vichwa viwili vya mto mmoja vikawa kimoja.

"Basi mmoja wenu atoke kwenye mashine hii. Kaamueni wenyewe, kesho mniambie."

Mashine ilikuwa ya Mama Kura. Aliianza ikiwa mistari tu kwenye karatasi. Jioni mumewe aliosha vikombe kimya. Siku nyingine angekichukua kimya hicho kuwa jibu: baki wewe. Safari hii alinyoosha mkono akafunga bomba.

"Baba, unataka nani atoke?"

Mumewe akapangusa mikono, kidole kimoja kimoja. "Nibaki mimi. Nimechoka kuwa kura yako ya pili, mama."

"Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Hukuuliza."

Asubuhi Mama Kura alimpa mkuu jina lake mwenyewe kuwa la anayetoka, akahamia chumba cha majaribio, kazi yake ikawa kuchomoa nyaya na kutazama. Programu mpya ya mumewe ilipofika mezani pake, aliikagua kama ya mtu asiyemfahamu, polepole, bila kuruka mstari. Sehemu nyingine ilimbidi aende kumuuliza.