Mwanzi wa Manjano Mpakani

Mwanzi ule niliutoa Malindi, katika bustani ya hoteli nilikokuwa nikifyeka nyasi. Ulikuwa wa manjano, wenye mistari ya kijani kana kwamba umepakwa rangi kwa brashi. Nilifika nao kijijini kwetu Ngao ukiwa kipande tu, nimekifunga kwa gunia bichi. Kaka yangu alicheka.

"Mwanzi usiojenga hata choo," alisema. "Huu ni wa kutazamwa na wageni."

Lakini ndiye aliyeushika wima nilipokuwa nikifukia, pale mashamba yetu yalipopakana karibu na mto. Ukawa ndio mpaka wetu. Kijiji kizima hakikuwa na mwingine kama huo, basi hatukuona haja ya kuzika jiwe.

Kaka alifariki kabla ya mvua za El Nino. Mto ulipofurika tulihamia nchi ya juu, tukakaa chini ya maturubai. Tuliporudi hapakuwa na migomba wala njia, ila tope lililokauka na kupasuka. Mahali pa mwanzi nilipajua kwa miguu tu, maana nilipapita kila siku. Palikuwa patupu. Nikateremka kufuata mkondo, na ndani kabisa ya shamba la marehemu nikaona machipukizi ya manjano. Maji yalikuwa yameung'oa mwanzi, yakauzika huko, nao ukaota.

Nilisimama nikiutazama, na kulitazama lile tope jipya, jeusi, lililosubiri mpunga. Kisha nikarudi nyumbani na sikumwambia mtu.

Wazee walipokuja kuonyesha mipaka, mjane wa kaka alielekeza upande wangu, akasema migomba yake ilifika kule. Mzee mmoja akamjibu kwamba migomba imekwenda na maji, mwanzi umebaki, na mwanzi hauna miguu. Watu wakacheka. Shemeji yangu hakubishana nao. Alinigeukia mimi.

"Shemeji, ni wewe uliyeupanda na marehemu. Sema wewe."

"Ni wangu," nikasema. "Ni ule ule."

Katika maneno hayo hakuna hata moja lililokuwa la uongo. Aliitikia kwa kichwa, akaokota jembe lake akaenda.

Msimu ule nilivuna vizuri. Yeye alivuna kidogo, na watoto wake walikuja kula kwangu mara nyingi, nami nikiwapakulia nikijua ni mpunga wa nani.

Ukame ulipoingia nilimkuta na mtungi, akiumwagilia mwanzi maji aliyoyateka mtoni. Nikamuuliza kwa nini ajisumbue na kitu kisicholiwa.

"Ni mkono wa marehemu, shemeji. Nikiuacha ukauke, nitamwambia nini?"

Nilipaswa kuwaita wazee siku ile ile, niseme mbele yao. Sikuweza. Nilingoja mvua, nikamwambia alime hadi kule alikowaonyesha wazee kuwa migomba yake ilifika; nikasema mgongo wangu umechoka, nami ninawaachia watoto wa kaka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Jumapili alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa kumpa shemeji mwenye moyo wa kutoa. Watu wakageuka kunitazama. Niliinamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu.