Blauzi Iliyovalishwa Redio

Nikiona redio imefunikwa kitambaa cha kufuma, mpaka leo hasira hunipanda. Wanangu hunicheka. Ngoja niseme ilikoanzia.

Nilikuwa nikiishi Temeke kwa shangazi yangu, dada wa baba, miaka ile vitu vilipoanza kujaa madukani baada ya sisi kuzoea foleni za sabuni na khanga. Mitumba ikamwagika Tandika kila kona. Watu waliiita kafa Ulaya, yaani nguo za marehemu wa huko, wakacheka, kisha wakainama kuchagua. Shangazi alichagua koti zito la baridi lenye vifungo vikubwa, akalivaa arusini mwezi wa pili, na jua lile la Dar. Jasho lilimtiririka mpaka wanja ukamshuka mashavuni. Hakuna aliyemcheka. Walimshika mkono wa koti wakamuuliza amelipata wapi.

Mimi kwenye lundo hilo hilo niliokota sweta la pamba la manjano, limetoboka viwiko. Sikulitaka sweta, nilitaka uzi wake. Nililifumua, nikaulowesha uzi, nikauzungushia kwenye mgongo wa kiti ili ukikauka mikunjo iwe imenyooka. Sindano zangu zilikuwa spoki mbili za baiskeli ambazo nilizisugua ncha kwenye ngazi ya sementi. Kufuma nilifundishwa na mama kabla hajafariki, na nyumba nzima ya shangazi ilikuwa imevaa kazi ya mikono yangu: makochi, meza, stuli, hata jagi la maji lilikuwa na kofia yake. Kwa hayo nilisifiwa. Nilipoanza blauzi, ikawa nongwa.

"Unafuma nini hicho chenye mikono?" shangazi aliniuliza.

"Nguo yangu, shangazi. Nitaivaa siku ya posa ya dada."

Dada ni binti yake.

"Yaani watu watoke Kinondoni, waje wakukute umevaa kitambaa cha kochi? Si watasema mtoto wa kaka yangu nimeshindwa kumvisha. Utavaa lile gauni nililokununulia."

Gauni lenyewe lilikuwa la mtumba, la mwanamke aliyenizidi upana mara mbili, na kwapani lilikuwa na alama ya jasho lake ambayo sabuni iliishindwa. Jasho la mtu nisiyemjua halikuwa aibu. Uzi niliounyoosha mwenyewe ndio ulikuwa aibu. Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilicheza kwetu nikatunzwa kicheko, maana nilipoijaribu blauzi uani, wapangaji waliangua vicheko, mmoja akaniuliza kama anaweza kunikalia. Nilirudi ndani nikaivua. Nililia kwa hasira, nikajiapia kwamba siku ya posa nitaivaa, na anayetaka kucheka acheke.

Niliifua mapema, nikaianika. Siku ilipofika nikaenda kuitoa kambani, haipo. Nilitafuta uani kote, nikauliza kila mlango. Shangazi akasema hajaiona. Wageni wakafika, wanaume wakakaa barazani, wanawake wakaingia sebuleni. Kwa kukosa la kufanya nikavaa lile gauni, nikaingia na sinia la kahawa na kashata.

Blauzi yangu ilikuwa juu ya redio.

Ilikuwa redio kaseti kubwa, mume wa shangazi aliileta kutoka Dubai, na ndiyo iliyokuwa fahari ya nyumba. Mikono ya blauzi ilikuwa imekunjiwa nyuma, na shingo imefichwa chini ya chombo cha maua ya plastiki. Bibi mmoja wa upande wa waposaji, ambaye wenzake wote walimsubiri yeye aseme kwanza, alikuwa ameshika upindo wa blauzi kwa vidole viwili.

"Kazi safi hii," alisema. "Nani fundi?"

"Si huyu mwanangu," shangazi akajibu, akinionyesha kwa kidevu. "Ana mikono huyu."

Niliwaka. Aliponiambia hajaiona, alikuwa ameshaikunja. Niliweka sinia mezani, nikawaambia wageni shikamooni, nikakitoa chombo cha maua nikakiweka sakafuni. Nikaichukua blauzi yangu nikaenda nayo chumbani. Nilivua gauni, nikajifunga khanga, nikavaa blauzi juu ya shimizi. Nikarudi sebuleni, nikashika birika, nikaanza kumimina kahawa kuanzia kwa yule bibi.

"Kumbe nguo," alisema.

"Nguo, bibi. Niliifuma nivae."

Bibi alipokea kikombe, akanitazama mabegani, kisha akatazama pembeni. Kazi ilikuwa safi ilipokuwa juu ya redio. Nilimimina mpaka kikombe cha mwisho, wala sikuharakisha.

Posa ilikubaliwa na dada akaolewa. Lakini wageni walipoondoka tu, shangazi alinifuata jikoni.

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Nimeivua redio, shangazi."

Sikuwahi kumjibu mkubwa namna ile. Alininunia kwa muda mrefu, na mimi nikaendelea kuivaa blauzi yangu bombani, sokoni, kila mahali. Wapangaji waliniuliza kama redio haisikii baridi. Niliwaacha waulize. Nisidanganye kwamba aibu ilikwisha. Niliivaa na aibu yake, na hasira ndiyo iliyonishika mkono.

Siku moja shangazi akaja mwenyewe, amebeba uzi mpya wa dukani, mweupe, ambao haujawahi kuwa nguo ya mtu.

"Nifumie kingine cha redio, mwanangu. Inaingia vumbi."

Nilimshukuru, nikaupokea kwa mikono miwili. Nikajifumia sketi. Redio ilikaa uchi mpaka nilipoolewa.