Namba Zilizogawiwa Kabla ya Kufutwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilitetemeka kwa baridi katikati ya Dar es Salaam. Kituo cha kompyuta cha shirika letu kilikuwa ghorofani, upande wa Gerezani, na chini yake watu wa Kariakoo walikuwa wakivuja jasho kwenye mafungu ya nazi na dagaa. Mashine ilitaka ubaridi kuliko binadamu. Mimi, binti wa Kilimanjaro, nilikuwa nimeacha sweta zote kwetu, nikaazima ya mama mmoja aliyekuwa msimamizi wa wapiga kadi. Kila taarifa iliyoingia kwenye kompyuta ilitobolewa kwanza kwenye kadi ngumu za karatasi, na kazi hiyo ilikuwa mikononi mwake. Jina lake Bi Somoe, mtu wa Lindi, mjane, mkazi wa Magomeni. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia, kisha akaniuliza kama chuo kikuu wanafundisha hisabati tu au na akili ya kubeba sweta.

Meneja wa Kituo alinitembeza mwenyewe. Nilimwuliza kwa nini mashine imekodiwa badala ya kununuliwa, kwa nini maelekezo yake yote yako ng'ambo, na kwa nini wahandisi wake wanakuja mara moja moja kama mvua ya Dodoma. Alisimama akanitazama.

"Ndugu Aika," akasema, "chuoni wamekufundisha kuuliza. Hapa tutakufundisha kumaliza."

Nilipangiwa kukagua programu. Vijana wa leo mnafanya kazi hii mkiwa mmekaa na kikombe cha kahawa mbele ya kioo. Sisi tulipewa bunda la karatasi zilizokunjwa kama feni, lililotoka kwenye mashine ya kuchapa, na penseli nyekundu. Sharti lilikuwa kwamba mabadiliko yoyote yasomwe, mstari kwa mstari, na mtu asiyeyaandika. Sharti zuri. Mpaka leo sijaona bora kuliko hilo.

Niliangukia sehemu ambayo wengi waliikwepa: programu kuu, ile inayoziendesha programu nyingine zote, ambayo ninyi mnaiita keneli. Ndani yake kulikuwa na kipande kidogo cha kugawa namba. Kompyuta yetu iliendesha kazi kadhaa kwa wakati mmoja ndani ya kumbukumbu moja, kama wapangaji katika nyumba moja ya Mtaa wa Swahili. Ili wasiingiliane, kumbukumbu ilikatwa vipande, na kila kipande kikapigwa namba. Kazi ikianza, inapewa namba yake. Ikijaribu kuandika kwenye kipande chenye namba isiyo yake, mashine inaisimamisha hapo hapo. Lakini namba zenyewe zilikuwa chache, kwa hiyo zilizunguka. Kazi ikiisha, programu kuu inafuta namba ile kwenye vipande vyote vya kazi hiyo, kisha ndipo inaitoa namba kwa kazi nyingine. Kufuta kwanza, kugawa baadaye. Usalama wote ulikuwa katika mfuatano huo.

Mkuu wa Programu, bwana mpole aliyesomea kazi hii ng'ambo, aliandika mabadiliko ya kuugeuza. Namba igawiwe mara tu kazi inapoisha, na kufuta kungoje mpaka mashine ipate nafasi ya kupumua. Foleni ya kazi ilikuwa ndefu, wizara ilikuwa inapiga simu kila asubuhi, na Meneja alikuwa ameahidi kwamba tutaongeza kasi bila kuongeza mashine.

Nilisoma, nikaweka alama nyekundu. Nilimweleza Mkuu wa Programu kwamba kazi inaweza kuwa imemaliza kuhesabu huku matokeo yake bado yamekaa kwenye kumbukumbu yakingoja kuchapwa, kwa sababu mashine ya kuchapa ni ya polepole. Tukimpa mpangaji mpya namba ile ile, naye akawa na kasoro ya kuandika nje ya mipaka yake, mlinzi, yaani mashine yenyewe, hatamzuia. Atamwona ni mwenyeji. Ataandika juu ya matokeo ya mwenzake na hakuna atakayejua. Mkuu wa Programu alisema ni kweli, lakini litokee mara ngapi? Nikamwambia mara moja inatosha. Akasema tulipeleke kikaoni.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wajukuu zangu hawaliamini. Pale kituoni kila uamuzi ulipitishwa na kikao cha wafanyakazi wote. Ni jambo la heshima kabisa likihusu zamu, au likizo, au chakula cha kantini. Lakini Meneja alipeleka huko na mstari wa programu. Madereva, wahudumu, wapiga kadi, wote walikaa kantini wakasikiliza kwamba mabadiliko yataharakisha huduma kwa wananchi, na kwamba mkaguzi mmoja ana wasiwasi. Nilipewa nafasi nikaeleza habari ya vipande na namba. Dereva mmoja akauliza kama wasiwasi wangu unatibika kwa klorokwini. Watu wakacheka. Anayeunga mkono anyoshe mkono. Mikono ikapanda yote isipokuwa wangu. Hata Bi Somoe alinyosha, na baadaye akaniambia, "Mwanangu, nimeunga mkono twende tukale. Mimi nitajua nini cha ndani ya mashine?"

Mambo yakaenda salama kwa muda, na kila wiki Meneja alinikumbusha hivyo kwenye ngazi. Kisha zikaja mvua za masika. Bonde la Jangwani likajaa maji, watu wa Magomeni wakakwama upande wa pili. Bi Somoe alizunguka mbali akafika kazini viatu mkononi, khanga imelowa mpaka kiunoni, adhuhuri imekaribia. Kazi za asubuhi zilikuwa zimelala. Meneja akaamuru zote ziingizwe kwa pamoja mchana ule, na mashine ikafanya kazi bila kupumua hata kidogo. Ile nafasi ya kufuta namba haikupatikana.

Miongoni mwa kazi hizo ulikuwamo mgawo wa unga na sukari kwa maduka ya ushirika ya jiji. Karatasi zilitoka safi, zimenyooka, zikapelekwa ghalani. Duka moja la Ilala likapata mzigo mara mbili. Duka la Magomeni, mtaa wa Bi Somoe mwenyewe, likaandikiwa sifuri. Watu walipanga vikapu vyao tangu alfajiri kwenye matope, lori likawapita.

Miaka ile kulikuwa na neno moja lililoweza kummaliza mtu: mhujumu. Simu ya wizara ilipopigwa, Meneja hakulisema yeye. Aliuliza tu, mbele ya kikao, ni nani aliyepiga kadi za mgawo.

"Ni mimi," akasema Bi Somoe. "Kadi zipo. Zisomwe moja moja hapa hapa."

"Kadi zinaweza kupigwa upya, mama," Meneja akajibu kwa upole. "Wewe ndiye mwenye mashine ya kuzipigia."

"Basi nihujumu duka ninalonunulia mimi? Wanangu wamelala na uji mtupu."

Mtu wa nyuma akasema huenda alikuwa na duka lingine. Nilisimama nikaomba tuziendeshe kazi zile tena, kwa mpangilio ule ule, wote waone. Meneja akasema muda wa mashine ni mali ya umma, hauwezi kutumika kumtetea mtu. Kisha akaomba mikono ya kumwondoa Bi Somoe kazini. Nimesema nilikuwa na tabia ya kuuliza, na swali ambalo sijapata jibu lake mpaka leo ni kuhusu mikono ile. Wapiga kadi wenzake, aliowafundisha, waliangalia kwanza wengine wananyosha, ndipo wakanyosha.

Bi Somoe alikunja khanga yake akaondoka. Mafao hakupewa, kwa sababu mhujumu hana mafao.

Jumamosi iliyofuata Mkuu wa Programu alinifuata mezani. Naona hakuwa amelala vizuri. Tuliziingiza kazi zile zile, kadi zile zile za Bi Somoe, tukaibana mashine kama siku ya mvua. Meneja alikuja akasimama nyuma yetu. Magomeni ikatoka sifuri. Tukarudisha mfuatano wa zamani, kufuta kwanza na kugawa baadaye, tukaendesha tena. Magomeni ikapata unga wake wote.

Meneja alizitazama karatasi zote mbili.

"Nimeona," akasema. "Mfuatano ubaki huu wa zamani. Asanteni."

"Na Bi Somoe, mzee?"

"Yule aliondolewa na kikao, Ndugu Aika. Mimi ni nani nivunje uamuzi wa wafanyakazi?"

Nikamwomba basi aitishe kikao kingine. Akasema vikao ni vya kujenga. Mkuu wa Programu alikuwa anakusanya kadi, haangalii mtu.

Nilikwenda Magomeni kumweleza. Alikuwa uani anachoma vitumbua vya kuuza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuvigeuza, kisha akauliza, "Kwa hiyo mashine mmeshaitengeneza?"

"Tumeitengeneza, Bi."

"Alhamdulillahi. Na mimi?"

Alinifungia vitumbua nikaenda zangu.

Kabla mwaka haujaisha nilihamishiwa Tabora, kwenye ofisi isiyo na kompyuta wala umeme wa uhakika, chini ya Mkuu wa Kanda aliyeniambia waziwazi kwamba ameletewa mtu mkaidi. Nilijumlisha magunia ya tumbaku kwa mkono. Baadaye Mtwara, chini ya Mhasibu Mkuu, mtu mwema lakini mgonjwa. Niliporudishwa Dar es Salaam mashine ile ilikuwa imeng'olewa, Meneja amepanda cheo, na nilipewa kazi ya kufundisha vijana. Nilifundisha mpaka nikastaafu. Niliwaambia kwamba ukikagua programu usiulize tu kama itafanya kazi. Uliza ikiharibika atalaumiwa nani, na kama huyo yumo chumbani wakati mnaipitisha. Waliandika. Sijui kama walielewa.

Baada ya kustaafu nilikuwa na muda, nikaanza kufuatilia shauri la Bi Somoe. Nilizunguka ofisi za mjini mpaka soli ikaisha. Mwisho nilimpata kijana mmoja nadhifu aliyenijibu kwa adabu zote: shirika lile lilishavunjwa, mama, aliyemfukuza hayupo, na asiyekuwapo hawezi kumsafisha mtu. Nikamwuliza, na aliyefukuzwa, naye hayupo? Akaangalia saa.

Bi Somoe yupo. Macho yamefifia lakini ananijua kwa sauti. Nilipompelekea jibu hilo alicheka kidogo, akasema sasa tuliobaki tunaojua ni wawili, mmoja haoni na mwingine ana sukari, tuone nani atatangulia. Mtaani kwake bado wapo wazee wanaowaambia watoto kwamba bibi yule aliwahi kuwalaza watu njaa.

Sina ofisi, sina muhuri. Nina maneno haya tu. Anaitwa Somoe binti Hassani, wa Magomeni. Kadi zake hazikuwa na kosa hata moja.