Zamu Hairuki Nyumba

Ile asubuhi muke wangu Eulalie alinigombeza juu ya chumvi. Nilitia nyingi ku viazi, na chumvi ilikuwa shida mu muji, sababu barabara ya Luvungi ilikuwa imefungwa tena.

“Papa Agathe, unakula kama mutu mwenye barabara iko wazi.”

Nikakula viazi. Akafunga kitambaa ku kichwa, akabeba beseni ya samaki ndogo za sambaza, akaenda kuuzisha ku soko. Mimi nikaenda kupasua mbao. Hatukusema kitu kingine. Ilikuwa siku ya ine ya juma, siku ya shirika, na kuanzia siku ile hakubeba beseni tena.

Watu wa shirika wameniomba niseme maisha yake. Chancelle, mutoto wa Maman Adèle, ananiandikia, mimi sikusoma.

Alizaliwa Nyangezi. Baba yake alikuwa mulimaji, akamutoa ku masomo mapema, lakini kusoma hakukumutoka. Nilimuoa angali kijana, tukashuka Bukavu, tukajenga hapa Kadutu, ku mutelemuko, pale mvua inabeba kila kitu. Alizaa. Wawili tuliwazika. Agathe, wa kwanza, aliolewa Kinshasa, kisha vita ikakata inchi kati. Hatukupata tena habari yake. Eulalie alimuombea kila siku, na aliendelea kuniita Papa Agathe, kwa nguvu, kama vile mutoto anasikia huko.

Alikuwa mukubwa wa shirika. Shirika letu la kanisa ni nyumba za avenyu moja tu. Siku ya ine, alasiri, tunakutana kwa mumoja wetu. Tunasoma Injili, kila mutu anasema neno lenye limemugusa, tunaomba, kisha tunagawana kazi: nani ataangalia mugonjwa, nani atalimia mujane shamba. Juma lingine tunakwenda ku nyumba inayofuata, bila kuchagua. Mimi zamu yangu ya kusema ikifika, nasema: “Nimesikia, aksanti.” Kila juma. Eulalie alisema siku Mungu ataniuliza nilifanya nini duniani, nitamujibu vilevile.

Kabla ya vita, mwenye nyumba alitoa chai, mikate, wengine hata kasiksi, pombe ya ndizi. Vita ya kwanza ikapita, ya pili ikaja, waasi wakashika muji, vyakula vikaisha. Siku moja tulifika kwa Maman Adèle tukakuta mulango umefungwa. Tukagonga. Mutoto mudogo akajibu ndani: “Mama amesema hayuko!”

Watu walicheka sana. Eulalie hakucheka. Alijua Adèle amejificha sababu hana kitu cha kutupatia. Akasema pale pale ku mulango, kwa sauti, ili aliye ndani asikie: “Kuanzia leo mwenye nyumba anatoa mayi tu. Mayi ya chemchem. Ata mwenye kukosa yote hakosi mayi.”

Adèle akafungua. Tukaingia. Toka siku ile ilikuwa maji tu, kopo moja, linazunguka.

Sasa kulikuwa mujane mumoja, Mélanie. Mutoto wake Patrice aliingia mu jeshi la waasi. Wengine walisema walimuchukua kwa nguvu, wengine walisema alipenda kofia. Sijui. Najua tu kwamba kuanzia pale, ku chemchem watu walimuachia njia, na haikuwa kwa heshima. Walisema maneno yetu atayapeleka kwa mutoto. Kwake ilikuwa imebaki shirika tu. Na hapa kwetu mutu hata akikosa kila kitu, ni shirika njo linamubeba siku ya kufa. Asiye na shirika anabebwa na nani?

Na kulikuwa Mwalimu Jean-Baptiste. Yeye njo alisoma Injili, sababu Biblia iliyobaki ilikuwa yake. Mudogo wake, Camille, alikamatwa na askari ku njia ya Nyangezi. Tulimukuta mu bonde, amekufa. Haikuwa Patrice aliyemuua, watu wote walijua. Lakini nguo ni ileile.

Zamu ilipokaribia nyumba ya Mélanie, Mwalimu akasema: “Mukubwa, juma lijalo tupite, tuende ku nyumba ya mbele.”

“Zamu hairuki nyumba,” Eulalie akasema.

“Hii itaruka.”

“Ikiruka ya Mélanie leo, kesho itaruka ya nani?”

Mélanie alikuwa palepale, anaangalia mikono yake.

Basi ile siku ya chumvi, alasiri, tulikwenda kwa Mélanie. Hatukuwa wengi. Monique, jirani yetu, alikuwa amesimama ku mulango wake, ameacha kuja.

“Muende vizuri, bakristu!” akapiga kelele. “Na mimi muniletee kofia ya askari!”

“Kuja uchague mwenyewe,” Eulalie akamujibu, “sisi hatujui kipimo cha kichwa chako.”

Hata Mwalimu alicheka kidogo. Alikuwa nyuma, na Biblia chini ya kwapa.

Mélanie alikuwa amepaka sakafu upya kwa udongo, bado ilinuka. Mwalimu alisoma akisimama karibu na mulango. Tulisema maneno yetu. Mimi nilisema langu. Tuliomba. Kisha Mélanie akatoka nyuma, akarudi na birika ya chai, vikombe, mikate, na sahani ya sukari. Sukari nyeupe, nyingi, kijiko kimesimama ndani peke yake.

Tulikuwa tumesahau sukari.

“Mama Patrice,” Mwalimu akasema, “hii sukari imetoka wapi?”

“Patrice ameleta.”

“Na Patrice ameitoa wapi? Amefungua duka?”

“Mwalimu, mumekuja kwangu... Sikuwaza mutakuja. Nikaona nisiwape mayi tu, kama watu wa njia.”

Mwalimu akafunga Biblia. Watu wote wakaangalia Eulalie. Mimi nilijua jambo moja ambalo wao hawakujua vizuri: mule mu dunia hakuna kitu Eulalie alipenda kuliko chai ya sukari. Nilimuona akimeza mate. Akaweka mukono juu ya kikombe.

“Mélanie, mudogo wangu, umesahau. Kwetu ni mayi.”

“Chai iko tayari, Mukubwa.”

“Ninaona. Harufu imenifika mpaka ku magoti. Itoe. Tuletee mayi.”

Mélanie akabeba vyote akatoka. Alikaa nyuma kwa muda. Tulimusikia anapenga kamasi. Akarudi na kopo moja la maji. Eulalie akakunywa wa kwanza, akanipa, nikampa Adèle, likazunguka. Lilipofika kwa Mwalimu, alilishika kidogo, akalipitisha bila kukunywa.

Tulipotoka akasema mbele ya wote, na Mélanie anasikia: “Juma lijalo ni kwangu. Yeye asikuje. Akikuja, nitafunga mulango, na Biblia itabaki ndani.”

“Nimesikia, aksanti,” Eulalie akasema.

Ilikuwa neno langu. Watu wakaniangalia mimi.

Ku njia nikamuuliza: “Ungeikunywa, ile chai?”

“Ningemaliza birika. Tembea, miguu inaniuma.”

Haikuwa miguu. Kabla ya giza homa ilikuwa imemushika.

Dispansere yetu haikuwa tena na dawa, askari walikuwa wamepita. Adèle akaleta majani ya mubirizi, tukapika, akakunywa, akatapika. Homa ilishuka, ilipanda. Watu wa shirika walikuja, huyu na kuni, huyu na kiganja cha bunga ya muhogo. Walikaa ku kitanda, wakaomba, wakaenda. Mimi niliacha mbao. Nilichoka kama mutu anayepanda mulima na gunia, na sikuwa nimefanya kitu. Kukaa tu.

Mélanie pia alikuja. Alipita ku mulango wa nyuma ili asikutane na watu, akafua nguo, akaosha sufuria, kama mutu wa kazi. Siku moja kabla ya siku ya ine akaniambia pole pole: “Kesho mimi sitaenda kwa Mwalimu. Ana haki. Nitaacha tu hii mambo ya shirika, Papa Agathe. Nimechoka kuwa mwiba mu mudomo wa watu.”

Nilifikiri Eulalie amelala. Akasema na macho imefungwa: “Papa Agathe, kesho utaenda naye.”

“Mimi?”

“Kuna Papa Agathe mwingine hapa?”

“Na wewe nani atabaki na wewe?”

“Monique atakaa. Umuambie kofia yake imefika.”

Kesho yake kweli Monique alikuja. Akakaa ku kitanda, akalia, Eulalie akamuambia anyamaze, machozi yake yanaleta baridi.

Nikaenda kumutafuta Mélanie. Nilimukuta amekaa ndani, hajavaa kitambaa.

“Vaa,” nikasema.

“Papa Agathe, muniache.”

“Vaa. Mimi sina maneno mengi. Nikirudi bila wewe, nitamuambia nini?”

Akavaa.

Kwa Mwalimu ni karibu, lakini siku ile njia ilikuwa ndefu. Watu walitoka ku milango. Hakuna aliyesalimia. Mwalimu alikuwa amesimama ku mulango wake, anajaza mulango wote. Ndani wengine walikuwa wamekwisha kukaa, Adèle na Colombe, muke wa Mwalimu.

“Karibu, Papa Agathe,” akasema. “Wewe.”

“Tuko wawili.”

“Nilisema.”

“Nilisikia.”

“Mukubwa anajua?”

“Yeye njo amenituma. Hawezi kusimama.”

“Hawezi kusimama?”

“Hawezi. Jana nilimubeba mpaka inje, kama mutoto.”

Mélanie akasema: “Mwalimu, mimi nitakaa huku inje. Nitasikia ku dirisha. Sitakohoa.”

Mwalimu akamuangalia. Sikuwahi kumuona anamuangalia toka Camille azikwe. Alimuangalia muda murefu, mpaka mimi nikaangalia chini.

“Mama Patrice,” akasema, “wewe unalalaka?”

“Hapana, Mwalimu. Toka avae ile nguo, silalake.”

“Mimi pia.”

Akatoka ku mulango. Hakusema karibu. Alirudi tu ndani, mulango ukabaki wazi. Nilimusukuma Mélanie ku bega, tukaingia. Alikaa chini, karibu na mulango, ingawa kulikuwa nafasi ku kiti.

Mwalimu akasoma. Tukasema maneno yetu. Yangu ilipofika, nilitaka kusema kitu kingine mara moja mu maisha, haikutoka. Nikasema nimesikia, aksanti. Zamu ya Mélanie alisema: “Muniombee mutoto. Na mumuombee Camille.” Basi.

Tulipomaliza kuomba, Colombe akasimama alete maji. Mwalimu akamuambia: “Kaa.” Akaenda mwenyewe nyuma. Akarudi na kopo. Akampa Adèle, akanipa mimi, akampa Colombe, wote tukakunywa. Akafika ku mulango. Akainama, akamupa Mélanie. Mélanie alishika kopo kwa mikono miwili, akakunywa kidogo tu, kama mutu anaogopa kuyamaliza, akalirudisha.

Maji kidogo yalikuwa yamebaki mu kopo. Mwalimu akayaangalia. Kisha akayakunywa, yote.

Adèle akakohoa.

“Kazi ya hii juma ni Mukubwa wetu,” Mwalimu akasema. “Nani atapeleka kuni?”

“Mimi,” Mélanie akasema.

“Sawa. Na mayi?”

“Mayi pia ni mimi.”

“Uache na wengine kitu cha kufanya,” Colombe akasema, na watu wakacheka kidogo, wakaanza kuvaa viatu.

Nilirudi nyumbani. Monique akaniachia kiti. Eulalie alikuwa macho. Midomo ilikuwa imekauka, nikailowesha na kitambaa.

“Aliingia?”

“Aliingia.”

“Alikaa wapi?”

“Chini. Karibu na mulango.”

“Na Mwalimu?”

Nikamuelezea mambo ya kopo. Niliyaeleza vibaya, nikarudilia, sababu alitaka kujua nani alikunywa mbele na nani nyuma. Alipoelewa, alifunga macho. Nikafikiri ameshikwa na usingizi.

Alikufa siku ya pili ya juma lililofuata, asubuhi, mvua inanyesha. Mélanie na Colombe njo walimuosha, wao wawili, mulango umefungwa, na walitoka pamoja. Mwalimu alisoma. Avenyu yote ilikuja, hata wale ambao kwao mulango ulikuwa umefungwa toka mwaka jana. Niliwapa maji. Agathe hakujua, alijua nyuma sana, njia ya Kinshasa ilipofunguka. Sasa nakaa peke yangu, shirika linakuja zamu yangu ikifika, nasema neno langu, na hakuna mutu wa kulichekelea.

Lakini ile jioni ya kopo hakuwa amelala. Alifungua macho, akaniuliza juma lijalo ni kwa nani. Nikahesabu nyumba mu kichwa, nikamuambia ni kwetu. Akaniambia hivi, na Chancelle nimemuomba aandike vilevile bila kugusa:

“Basi zamu yetu imefika. Ufagie muzuri, Papa Agathe, mpaka inje, sababu watu watakuwa wengi.”