Mafiga ya Nambozo wa Busiu

Tuliokuwamo katika safari hii ni hawa. Mimi Wakio, mnanijua. Mghoi, mtoto wa marehemu dada yangu Mkamburi, aliyenibebea mzigo na kunisomea vibao. Babirye wa Jinja, mke wa Mwadime wetu, yule dereva wa lori aliyeoa Uganda. Nambozo, mjane wa Busiu. Na Afande Wamono, shemeji yake Nambozo, askari jela mstaafu.

Kilichonitoa nyumbani ni majiko. Shule niliachia darasa la pili, lakini jiko la udongo linalokula kuni chache nalijenga hata gizani. Babirye alipokuja huku kwenye arusi ya wifi yake akaliona, akasema, "Mama, kuja fundisha wanawake ya kwetu." Kanisa likatoa nauli, sisi tukatoa mikono.

Jumamosi asubuhi tuliondoka Voi, na Jumapili jioni tukashuka Jinja miguu imevimba. Babirye alitupokea mlangoni kwake, Nalufenya, kwa kupiga magoti. Nikadhani ndivyo mtu anavyojibu, nami nikapiga. Kushuka nilishuka. Kuinuka ikawa kazi ya watu wawili.

"Mama, wewe mgeni," Babirye akasema, anacheka mpaka machozi. "Wote tukipiga magoti, chai itapika nani?"

Jinja tulikaa siku mbili. Wanawake wa mjini hupikia barazani, kwenye sigiri, lile jiko dogo la makaa. Likivunjika hutupwa, hununuliwa lingine. Nilipowaonyesha kazi yangu mmoja akauliza kama mwenye nyumba atakubali. Nikaona kweli, jiko langu ni la mtu asiyehama. Hata hivyo wao walinifundisha jambo: ukilaza kipande cha shina la mgomba ndani ya udongo mbichi, kikinyauka unakichomoa, na njia ya moshi imebaki safi.

Jumatano tulipanda gari mpaka Mbale, kisha Busiu, kwa wanawake wa shamba wasiohama. Babirye alibaki na biashara yake, akaahidi kutufuata kesho yake. Alinionya, "Huku Kiswahili iko ya askari. Ukisalimia mzee ghafla, atatafuta kitambulisho."

Busiu ni mahindi na migomba, na watu huuliza habari zako mpaka ng'ombe. Mghoi alikwenda kwa jirani kukanda udongo. Mimi nikaingia jikoni kwa Nambozo, na mwenye Kiswahili pale alikuwa Afande Wamono peke yake.

Katikati ya jiko palikuwa na mafiga matatu, meusi kama sufuria. Nikauliza kama niyatoe. Nambozo alisema maneno mengi, mkono uko kifuani.

"Anasema toa tu, mama," Afande akasema. "Hiyo mawe iko mzee sana."

Maneno marefu yameingia kwake, mafupi yametoka. Nililiona hilo, nikalipita kwa sababu nilikuwa na haraka ya udongo. Niliyatoa mimi, kwa mikono hii, nikayatupa kwenye migomba. Nambozo akayafuata. Aliyapangusa kwa upindo wa gomesi yake, lile gauni refu la huko, la tatu akalipakata kama mtoto. Nikadhani ni ukiwa wa ujane tu.

Alhamisi mchana Babirye akafika. Aliwahi kuuza mitumba Namatala, pale Mbale, kwa hiyo lugha ya huko anaijua. Nambozo akaongea, na Babirye akakaa chini.

"Mama, umefanya nini? Haya mawe iliwekwa na mama mkwe yake, Kakai, siku alimpa jiko. Mke akiondoka, mawe inatoka. Afande anataka hii shamba. Tayari amesema kwa watu, mafiga imetoka na Nambozo aliangalia tu. Kesho kutwa ukoo inakaa."

Sikula siku hiyo. Tulibomoa jiko nililolijenga jana yake, likiwa bado bichi, tukaanza upya. Safari hii Nambozo aliyapanga mafiga mwenyewe, pale pale, nami nikaujenga udongo kuyazunguka, mgomba ukilala katikati yake.

Jumamosi wazee walikaa uani. Nilisimama, Babirye akinifasiria. Nikasema, "Aliyetoa mawe ni mimi. Huyu hakutoa. Aliyarudisha mwenyewe."

Afande akaruka, "Huyu mgeni. Hajui mila yetu kabisa."

Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akamtazama sana, kisha akasema neno, na watu wakacheka. Babirye akanigeuzia: "Anasema, kama hajui mila, basi hakutoa kitu. Ameteleza tu na mawe."

Wakaingia jikoni mmoja mmoja, wakachungulia ndani ya udongo, wakayahesabu mafiga: matatu. Nambozo akawasha moto. Jiko lilikuwa bichi bado, likafuka moshi tukalia wote, lakini akapika, na neno la shamba likaishia hapo.

Jumatatu tulirudi. Tangu hapo siingizi mkono jikoni kwa mtu kabla sijauliza mafiga aliyaweka nani, na jibu nalitaka kwa vinywa viwili.

Mwajua majina hayanipotei. Lakini masikio yamezeeka, na safari ilikuwa ndefu. Mghoi, uliyekuwapo, na Babirye, ukisomewa haya na Mwadime, mahali nilipoteleza nirekebisheni. La Kakai mliangalie kwanza. Yeye sikumwona, na mawe yake niliyatupa.