Hatua Kumi na Saba Mpaka Ukutani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa bado halijaruka ukuta wa yadi, mwanamke mwenye koti jeusi la kazi anatembea kinyumenyume. Mkononi ana kamera ndogo, saizi ya kipande cha sabuni ya kufulia. Midomo yake inahesabu. Mbele yake kuna gari dogo jeupe lililoingia jana jioni, na nyuma yake kuna ukuta wa matofali ambao hautazami kabisa.

"Kumi na tatu, kumi na nne... Wifi, huku nyuma kuna kitu?"

"Kuna ndoo yangu. Ipige teke uone kama hutanioshea magari leo!" anajibu mwanamke mwingine mwenye mabuti ya mpira ya njano, huku akiivuta ndoo pembeni haraka.

Hatua ya kumi na tano, anasimama. Anaangalia gari kwa macho matupu kwanza, muda mrefu, kama mtu anayesoma barua mbaya. Kisha anachuchumaa mpaka kamera ilingane na taa za mbele, anavuta lenzi, anabonyeza. Kamera inalia mlio mdogo. Gari la kwanza la siku limeshapata picha yake ya kwanza.

Pale yadini, kati ya magari mia moja na ushee yaliyotumika, wanamwita Mama Flashi. Cha kuchekesha ni kwamba flashi yenyewe haigusi. "Flashi inalipiga gari kofi usoni," anasema. "Rangi inawaka, mikwaruzo inapotea. Mimi nataka mwanga wa asubuhi au wa wingu. Mwanga mpole."

Ana miaka arobaini na tisa. Kwa miaka kumi na miwili kazi yake imekuwa hiyo hiyo: kupiga picha magari yanayouzwa, ili watu walio mbali wayaone kwenye simu zao kabla hawajafunga safari. Magari saba kwa siku, picha kumi na mbili kwa kila gari.

Ukimpa nafasi atakufundisha mpaka uchoke. Tairi la mbele ligeuzwe kidogo, rimu ionekane. Usilisogelee gari, hasa kwa kamera ndogo kama yake, maana ukisimama karibu pua ya gari inavimba kama kiazi. Rudi nyuma, kisha vuta lenzi. Usivae nguo ya kung'aa, kwa sababu mlango wa gari lililooshwa ni kioo, na mnunuzi hataki kukuona wewe.

"Ndiyo maana hili koti langu jeusi. Na ndiyo maana namfukuza huyu na mabuti yake ya njano," anasema, akimwonyesha wifi yake kwa kidevu.

"Mabuti yangu yameuza magari mengi kuliko hilo koti lako la msiba," anajibu wifi.

Lakini kilichompa sifa Mama Flashi si mwanga wala rimu. Ni picha ya kumi na mbili. Yeye huiita picha ya kidonda. Picha kumi na moja zinalisifu gari, ya mwisho inaonyesha ubaya wake: mkwaruzo, kutu, kiti kilichochanika, taa yenye ufa. Hakuna gari lililowahi kutoka mikononi mwake bila picha hiyo. Wauzaji mwanzoni walimnunia. Baadaye waligundua kwamba wateja wanapiga simu kutoka mbali na kuulizia kwanza kama picha zimepigwa na yule mama.

Ngoja sasa tuje kwenye hiyo kamera ndogo, maana ndiyo iliyoleta maneno.

Marehemu mume wake alikuwa mpiga picha wa studio. Alipofariki, miaka tisa iliyopita, alimwachia kamera kubwa nyeusi, nzito, ya kuzungusha lenzi kwa vidole mpaka picha ikae sawa. Mama Flashi aliipenda ile kamera, na ndiyo aliyokuwa akipigia magari. Aliifuta kila Jumapili kwa kitambaa cha flana, akaiweka juu ya kabati la nguo, pale watoto wa jirani wasipofika.

Miezi minne iliyopita aliiuza. Fedha aliyopata aliongezea akiba yake, akanunua kamera mpya ndogo ya mfukoni, inayojipanga yenyewe. Hakumwambia mtu sababu.

Wifi yake, ambaye marehemu ni kaka yake wa tumbo moja, alipoona juu ya kabati kuna alama tupu ya vumbi, alikaa kitini bila kuvua mabuti.

"Nilimwambia, umeuza kitu cha kaka yangu ununue kidude cha watoto? Kweli wewe?" anasimulia wifi. "Tulifanya kazi yadi moja wiki mbili bila salamu. Naosha gari, naondoka. Anakuja, anapiga, anaondoka. Roho iliniuma, siwezi kudanganya."

Kilichowapatanisha ni kioo cha pembeni cha lori. Mama Flashi alitembea akakivaa kwa bega zima, kweupe, mchana, kama mtu aliyefumba macho. Wifi akacheka kwanza, akamuuliza ameanza lini kunywa. Kisha akaona mkono: alama za kuvilia damu, za zamani na mpya, kuanzia kiwiko mpaka begani. Vioo vya pembeni vya magari. Vyote alikuwa anavigonga.

"Akanivuta nyuma ya ofisi akaniambia, wifi, pembeni sioni. Naona mbele tu. Kama mtu anayechungulia kwenye bomba."

Ni presha ya macho. Ugonjwa huu hauumi, hauwashi, haupigi hodi. Unakula kuona kuanzia pembeni kuja katikati, na mtu hugundua kimeshaliwa kingi. Daktari wa macho hakuzungusha maneno: kilichoondoka hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki. Chupa ya matone ya mwezi mmoja inakula malipo ya magari kumi na moja.

"Nilimuuliza daktari, nitafanya kazi mpaka lini? Akaniuliza, kazi gani? Nikamwambia napiga picha. Akaweka kalamu chini. Hapo ndipo nilipoogopa," anasema Mama Flashi.

Kamera kubwa ilimtaka aone gari lote kwenye kidirisha na kuzungusha lenzi kwa uhakika. Hilo halikuwezekana tena. Kamera ndogo ilikuwa na kioo nyuma, na ndani ya kioo kile, ajabu, gari zima liliingia kwenye ule uwazi uliobaki machoni mwake. Bampa mpaka bampa.

"Siku ya kwanza kuiwasha nililia," anasema. "Nilikuwa na miezi sijaliona gari zima kwa mara moja. Nikaliona humu, dogo kama la kuchezea."

Basi akakiamini kile kioo. Na hapo ndipo alipoteleza.

Wiki tatu zilizopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi alisafiri siku nzima kuja kuchukua gari la kijivu alilolichagua kwenye picha. Alilizunguka mara moja tu. Nyuma, upande wa kushoto, madigadi ilikuwa imebonyea, bonyeo la ukubwa wa sahani. Kwenye picha kumi na mbili halikuwemo. Picha ya kidonda ya gari lile ilionyesha kiti kilichotoboka kwa sigara.

Mwalimu hakupiga kelele. Alisema, "Nimeambiwa hapa kuna mama mkweli. Kumbe."

Neno hilo moja, anasema Mama Flashi, lilimchoma kuliko matusi.

Watu walikusanyika. Muuzaji mmoja, kwa nia njema kabisa, alimsogelea na kumnong'oneza: sema liligongwa jana wakati wa kuegesha, yaishe. Njia ya kutokea ilikuwa hiyo, imefunguliwa wazi. Angesema hivyo, angebaki na kazi yake na siri yake. Asiposema, alikuwa na mawili tu ya kuchagua: aonekane tapeli, au aonekane kipofu.

Mbele ya bosi, wauzaji na wateja wawili watatu, alisema: "Mwalimu, sikuficha. Sikuliona. Macho yangu yanaondoka."

Wifi yake alikuwa ameshika mpira wa maji, maji yakawa yanamwagika chini bure.

"Mwalimu aliniangalia, akasema, mama, bora ungekuwa mwongo tu, ningejua la kukwambia," anakumbuka. "Akaondoka bila gari. Sikumlaumu."

Bosi wa yadi, mwanamume mpole anayependa kuzungumza huku akizungusha funguo kidoleni, hakumfukuza siku ile. "Ni mtu wangu wa miaka kumi na miwili," anasema. "Lakini na mimi nina yadi ya kuendesha. Vijana wana simu, wanapiga picha gari zima kwa dakika mbili. Nimemwambia mwisho wa mwezi tutaangalia."

Leo ni tarehe ishirini na saba.

Tangu siku ile Mama Flashi amejiwekea sharti ambalo hakuna aliyemwomba: gari asiloliona zima kwa macho yake mwenyewe, haliwekei kamera. Kioo peke yake hakiamini tena. Ndiyo maana ya kurudi nyuma na kuhesabu. Kadiri anavyokwenda mbali ndivyo gari linavyokuwa dogo, mpaka lienee kwenye lile bomba lake.

Je, hawezi kugeuza shingo tu? Anaulizwa sana swali hilo, na linamkera.

"Nageuza. Lakini ukifukuza kipande hiki, kile kinakukimbia. Hivyo ndivyo nilivyoliruka bonyeo la mwalimu. Nikiliona gari lote, najua limekaaje, najua wapi halijakaa sawa. Gari ni kama mtu, ukimwona amesimama unajua kama anachechemea."

Alipoanza, gari dogo lilienea kwa hatua tisa. Wiki mbili zilizopita, kumi na mbili. Leo asubuhi, kumi na tano. Kutoka pale magari yanapoegeshwa mpaka ukutani, hatua ni kumi na saba. Ameshazipima. Anajua hesabu hiyo vizuri kuliko daktari.

Wifi yake ndiye anayejifunza sasa. Kila wanapomaliza chai anapewa kamera, na kila siku anagombezwa. Picha zake zinakata matairi. Zinapinda. Jana alipiga gari jekundu, na katikati ya mlango, yaking'aa kuliko taa, yakatokea mabuti ya njano.

"Umejipiga picha wewe, gari limekuja kukusindikiza," Mama Flashi alimwambia.

"Na nimependeza!"

Walicheka mpaka bosi akachungulia dirishani. Kisha Mama Flashi akaacha kucheka kabla ya mwenzake, akaanza kutafuta mfuniko wa chupa yake ya matone chini, kwa kupapasa. Ulikuwa karibu na kiatu chake. Wifi aliuona, akausogeza kwa ncha ya buti mpaka ukagusa vidole vyake.

Saa tatu kasorobo, wingu limefunika jua na mwanga ni ule anaoupenda. Inasogezwa pikapu ndefu ya milango minne, ya buluu, imeoshwa, inadondosha maji. Mama Flashi anasimama mbele yake na kuanza kurudi.

Kumi. Kumi na tatu. Kumi na tano. Wifi ameacha ndoo yake na anamwangalia. Kumi na sita. Kumi na saba.

Mgongo unagusa matofali.

Anakaa hapo, koti jeusi limeegemea ukuta. Anainua kichwa, anakishusha, anasogea kushoto kidogo, anarudi. Muuzaji mmoja aliyekuwa akizungumza kwenye simu anaikata.

"Halijaingia," anasema. "Naona kuanzia taa mpaka mlango wa nyuma. Mkia siuoni."

"Jaribu tena, wifi. Labda ukikaa hivi..."

"Nimejaribu."

Machozi hayaji. Anakohoa, anajifuta pua kwa mgongo wa mkono, kisha ananyoosha kamera mbele yake kwa yeyote atakayeipokea. "Shika. Vua mabuti kwanza."

Wifi anavua. Anasimama peku kwenye zege lenye maji, amevaa koti jeusi la Mama Flashi ambalo halimtoshi mabegani. Mama Flashi anamwelekeza kwa sauti: chuchumaa, bado, chini zaidi, tairi liko wapi, vuta lenzi. Picha kumi na moja zinachukua nusu saa. Mbili zimepinda.

Kwa ile ya kumi na mbili, Mama Flashi anaondoka ukutani na kwenda kwenye pikapu. Anaweka kiganja juu ya boneti na kuanza kuizunguka, taratibu, mkono haunyanyuki. Anapita milango. Anapita tairi la nyuma. Anafika upande ambao macho yake hayakuufikia, na kiganja kinasimama. Anarudisha vidole, anavipitisha tena. Pale rangi ni mpya, na chini yake bati limejazwa na kupigwa msasa. Wifi amepaosha asubuhi hii na hakuona kitu. Muuzaji anasogea, anainama, naye haoni mpaka ashikwe mkono na kuwekewa pale.

"Hili limegongwa na kuzibwa," anasema Mama Flashi. "Piga hapa."

Hilo ndilo analotaka kumwambia bosi mwisho wa mwezi. Wifi apige picha, yeye atafute kidonda. Malipo ya mtu mmoja wagawane wawili. "Akikataa, amekataa. Lakini sitaki aseme sikumwambia. Mikono haina presha."

Wifi anabonyeza. Anaitazama picha kwenye kioo, anakunja uso.

"Mkono wako umetokea. Toa nirudie."

Kwa miaka kumi na miwili hakuna kidole, kivuli wala unyayo wa Mama Flashi uliowahi kuonekana kwenye picha ya gari. Anafikiri kidogo, kiganja bado kiko juu ya bati la buluu.

"Usirudie," anasema. "Iache hivyo hivyo. Wajue kuna mtu aliliangalia."