Piko ya bi harusi iliyopimwa kwa ndevu za babake

Wakuu, salamu kwenu nyote, wenye degree na sisi tulioshukia njiani.

Nimesoma ule uzi wa juzi. Bwana mmoja anauliza kama dawa yake mpya ya kuondoa kutu ni salama mkononi, na wataalamu wetu humu wakamjibu, "Inafanana na ile ya zamani, tumia tu."

Inafanana. Basi yameisha. Mtu kapewa ruhusa na watu ambao hata chupa yenyewe hawajaiona.

Nikaona niwape kisa cha nyumbani kwetu Mombasa, miaka ya tisini. Sitii chumvi, maana wahusika wako hai na mmoja wao husoma humu kwa kujificha. Majina nimeyabadilisha, na hilo nimelifanya kwa ajili ya mke wangu, si kwa ajili ya huyo nduguye.

Kwanza mnijue. Shule niliiacha darasa la tatu, au yenyewe iliniacha, sikumbuki nani alianza. Nilipika sabuni kwa sufuria uani kwangu mpaka nikawa na ghala Mbaraki, nikiwauzia mafundi wa bandarini sabuni ya kutolea grisi mikononi. Hakuna aliyenishika mkono. Ngozi iliyobabuka kwa kostiki, ile soda kali ya kupikia sabuni, naijua, nimeiona kwenye vidole vyangu mwenyewe.

Basi.

Shemeji yangu, tumwite Twalib, ana nyumba Kibokoni. Alikuwa anamuoza binti yake mkubwa, Rukia.

Twalib ni mtu wa sura. Kanzu yake haijui mkunjo. Na alikuwa na wimbo mmoja barazani, kwamba wanaume wa ukoo wao hawaoti mvi. "Ni damu," husema. Mimi nimeoa damu hiyo hiyo, na mke wangu wakati ule mvi alikuwa nazo, lakini mimi nani nimpinge mtaalamu wa damu.

Wiki ya harusi akaamka macho yamefura, kope zimemeza mboni. Kidevu chekundu, kinatoa maji. Ndevu, mashaallah, nyeusi kuliko tulivyozizoea.

Akavaa miwani ya jua. Ndani ya nyumba. Kwenye ujia ambao hata paka hupita akipapasa.

"Nyigu," akaniambia kabla sijauliza.

"Nyigu?"

"Kanivamia nikitawadha."

Nikaenda msalani kunawa. Nyuma ya ndoo nikaona kopo la unga wa kutia nywele weusi, na kijibrashi, na sakafu ina madoa. Harufu yake kama lami iliyopigwa na jua, na ndani yake kitu cha kuchoma pua.

Nikatoka nikamwambia, "Pole kwa nyigu."

Mtu na ndevu zake. Huanzi kumchokonoa mwenzio wiki anayooza. Ningelizika jambo hilo mpaka leo, na yeye angelikuwa bado anatusomesha habari za damu.

Kesho yake asubuhi mke wangu akanituma nipeleke leso za Biashara Street nyumba ile ile, upande wa wanawake. Nikabisha, nikasimama mlangoni kama adabu inavyotaka.

Ndani alikuwamo Bi Zuhura, mpakaji hina wa mtaa mzima. Mkono wake hautetemeki, na ulimi wake vile vile. Kwa wageni wa pwani: bi harusi kwetu hupakwa hina, ambayo hutoa wekundu, kisha maua huchorwa kwa piko, ambayo ni nyeusi kama wino.

Siku hiyo Bi Zuhura alikuwa na piko mpya. Unga wa pakiti, unakoleza upesi, mweusi ti. Alikuwa ameshaukoroga kwenye kibakuli na kumchora Rukia ua moja dogo kwenye kifundo cha mguu, kuonja rangi. Imebaki mikono, miguu, na sikilizeni hapa, nyusi. Ati nyusi nazo zipakwe hiyo hiyo zikolee.

Harufu ikanifikia pale mlangoni. Lami.

"Bi Zuhura, hiyo nini?"

"Hina nyeusi."

"Nani kasema?"

"Aliyeniuzia. Na pakiti ina picha ya jani, macho unayo. Hina ni jamii moja, shemeji. Nimepaka mabibi harusi wote wa mtaa huu, hujasikia hata mmoja aliyedhurika."

Umeona hesabu hiyo? Pakiti ina picha ya jani, kwa hivyo ndani mna jani. Basi na kiberiti chenye picha ya simba tukichunge, kitatutafuna.

"Hina ukiikoroga ni kijani na mguuni hutoka nyekundu," nikamwambia. "Hiyo yako inazidi weusi ikiwa bakulini."

"Wewe sabuni zako ni za mafundi. Hina tuwachie wenyewe."

Wanawake wakacheka. Shangazi mmoja, ambaye sikumuona ila sauti, akaongeza, "Mwanamume akishazeeka huhamia jikoni."

Sikuondoka. Mwishowe Bi Zuhura akanikunjia chembe za unga ule kwenye karatasi, kama unavyompa mtoto kitu aache kulia.

"Sasa nampaka hina nyekundu. Alasiri nikirudi napaka piko. Uwe na hoja, usiwe nayo, napaka."

Nikashika njia ya Mbaraki.

Kwenye ghala la jirani yangu kulikuwa na mama mmoja wa Machakos, Eunice, msimamizi wa stoo ya kemikali. Kasoma, na husali kwa sauti akifungua mlango wa stoo asubuhi, na ungeliyaona mapipa yale ungelisali nawe. Nilimpelekea unga ule nikitaraji aniambie, "Mzee, umesema kweli." Hakuniambia.

"Unasema inafanana na dawa ya nywele," akasema. "Inafanana kwa nini? Kwa jina, kwa rangi, au kwa kilichomo ndani?"

"Kwa harufu."

"Harufu ni pa kuanzia tu. Hata mbu na nyuki huimba mamoja."

Akalowesha unga kwenye kitambaa cheupe. Ukaanza kama chai, ukaenda ukiwa mweusi mbele ya macho yetu. Akaniambia jani halifanyi hivyo, hii ni dawa ya nywele iliyovishwa picha ya jani.

Kisha akanieleza jambo ambalo ndilo limenifanya niandike uzi huu.

Kwamba stoo kwao likija pipa la kitu kisichojulikana kitaifanya nini ngozi, hawampaki mtu wakangoja. Hukitafutia ndugu, kitu kilicho karibu nacho zaidi ambacho vitendo vyake vinajulikana, wakaangalia huyo ndugu aliwafanya nini watu.

"Bibi wa hina katumia njia hiyo hiyo," akasema. "Hakukosea kutafuta ndugu. Kosa lake ni ndugu aliyemchagua. Kamchagua wa jina."

Wakuu, nikaikunja ile karatasi yangu.

"Na hata ukimpata ndugu wa kweli," akaendelea, "uliza ukali wake, unakaa mwilini muda gani, na unapakwa wapi. Kuna mtu unayemjua alitumia ile ya kopo?"

"Yuko mmoja. Aliumwa na nyigu."

Hakucheka. "Ilimkaa muda gani?"

"Muda wa kupaka na kuosha."

"Na piko?"

"Huachwa mpaka ikauke."

Akakisukuma mbali kile kitambaa. Nikamuuliza habari ya nyusi, nikatia na maoni yangu kwamba jicho litakuwa kama mkono tu, pengine zaidi kidogo. Akanitazama vile ninavyomtazama mtu anayemimina maji juu ya kostiki, asijue itamrukia.

"Mzee, mkono ukisalimika, jicho bado hujaliuliza. Mkono ukiungua, jicho usiliulize kabisa."

Nikarudi Kibokoni kwa mwendo ambao watu wa baraza wa njiani walidhani kuna maiti.

Twalib alikuwa nje na miwani yake, katikati ya wageni, na mmoja wao ni ami yake bwana harusi. Nikamvuta ndani ya ujia.

"Kopo la msalani. Lichukue ukawaonyeshe wanawake."

"Kopo gani?"

"La nyigu."

Akachungulia nje kwa wageni. "Waambie wewe. Si ndiwe mtu wa kemikali."

"Nimeshawaambia, wamenicheka. Mimi nina harufu tu. Ushahidi uko kidevuni kwako."

"Wakwe wako nje, yakhe. Wataniona mimi nani?"

"Watamuona mzee wa ndevu za kopo. Na Rukia je? Unga anaotaka kupakwa ni ndugu wa wako. Wako uliuosha, wake utakauka juu yake."

"Si wa mikononi huo?"

"Na nyusi."

Akaishika miwani yake kama aliyetaka kuikaza, akabaki nayo hivyo. Mlango wa nyuma tukasikia Bi Zuhura anaamkia watu, kesharudi.

Twalib akaenda msalani, akatoka na kopo. Akafika mlango wa wanawake, akakohoa wajistiri, akaingia. Mimi nyuma yake, nani angelikosa.

Akavua miwani.

Wanawake wakasogea kumtazama.

Akaliweka kopo kando ya kibakuli. "Nusa," akamwambia Bi Zuhura.

Bi Zuhura akanusa kopo. Akanusa kibakuli. Akarudi kwenye kopo. Kisha akainua macho akazitazama zile kope, zile ndevu, kile kidevu.

"Kaka Twalib," akasema pole pole, "nyigu wako hukaa koponi?"

Kicheko kilipita ukutani kikafika barazani, na barazani wakauliza kuna nini, na yule shangazi wa sauti akawajibu kwa dirisha. Hakuacha kitu.

Rukia peke yake hakucheka. Akapandisha upindo wa leso.

"Baba, mimi mguu unaniwasha tangu adhuhuri."

Lile ua dogo lilikuwa limeinuka, kando yake kote kwekundu.

Bi Zuhura hakungoja kuambiwa. Haki yake nimpe: alibeba kibakuli mwenyewe akakimwaga, akamuosha Rukia mguu kwa maji mengi, kisha akaketi kuchora maua yote yaliyobaki kwa hina ya jani. Mekundu matupu, kama walivyopambwa bibi zetu. Wageni wakasema ni mtindo mpya.

Ua la mguuni lilitoka malengelenge. Limepona, ila alama ipo hadi leo, petali zote, unaweza kuzihesabu.

Siku ya nikahi tukamuona Twalib anaingia msikitini na ndevu amezipunguza mpaka mzizi. Nyeupe kama pamba. Ami yake bwana harusi akampa mkono wa kheri, akamuuliza kwa upole mkubwa, "Na yule nyigu?"

"Kahama," akasema Twalib, akakaa mbele kabisa.

Sasa wakuu, funzo langu ni hili, na sikulipata shule. Kukipima kitu kipya kwa mwenziwe wanayefanana ni akili, hata waliosoma hufanya hivyo. Ila uliza kinafanana kwa nini. Jina, rangi na picha ya pakiti havimuunguzi mtu, kinachounguza ni kilichomo. Na jicho msilifanye ngozi.

Bwana wa dawa ya kutu, umesikia. Ulizia kilichomo ndani, acha kuuliza inafanana na nani.

Uwanja wenu, wenye degree. Nikosoeni, nimezoea. Na wewe Twalib, najua umefika hapa chini. Changia kwa jina lako, mvi zako hakuna asiyezijua.